Mkono wa Kushoto wa Bi Badriya

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo watu wasemavyo, na wengi wameumbuka. Kwa Bi Badriya wa Kiponda, Unguja, mambo yalikwenda kinyume: yeye hakuyaficha maradhi, maradhi ndiyo yaliyomficha yeye. Yalimfunika taratibu kama kawa juu ya sinia. Yalianza na mkono, yakaja kwenye uso, yakamalizia kwenye sauti, hata ikawa mji mzima unamtazama na hakuna amwonaye.

Na mji wenyewe ulimjua vyema. Alikuwa mjane wa watu waliokuwa na mashamba zamani na sasa wamebaki na jina na nyumba moja yenye ngazi za giza. Alichorithi hasa ni adabu, na adabu hiyo aliigawa bure. Nusu ya wasichana wa Kiponda na Kokoni walijifunza kwake kubeba sinia, kumkaribisha mgeni, kunyamaza mgeni anapotafuta neno, na kutoa kikombe cha kahawa. Kikombe hutolewa kwa mkono wa kulia, akiwafundisha, na wa kushoto hukaa chini ya kiwiko cha mwenzake, kuonesha kwamba mwili wote unatoa. Msichana aliyesahau alirudishwa mlangoni aanze upya, na Bi Badriya akimcheka bila kumuumiza.

Kwa hiyo siku ile ya mwaka wa tisini na saba, walipokuja wanawake wa upande wa Mudrik kuleta pete ya Asila, hakuna aliyeweza kusema kwamba Bi Badriya hakujua afanyalo.

Asila ndiye binti yake wa pekee, mwalimu wa sekondari. Mudrik alikuwa fundi wa umeme aliyekwenda shuleni kwake kutengeneza nyaya. Nyaya zilipona siku ya kwanza, ila fundi aliendelea kuja kuzitazama. Mama yake, Bi Mwanapili, aliuza kanga soko la Mwanakwerekwe. Alikuwa mzaliwa wa Tumbatu, mkaazi wa majumba ya Michenzani, mwanamke mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika duka la tatu. Aliingia ukumbini Kiponda na dada zake na mawifi zake, wote wamejitia udi, kisanduku cha pete kimo katika kitambaa cha hariri. Walikaa, walisalimiana, wakapongezana kwa watoto waliokua wakawa watu.

Tangu asubuhi Bi Badriya aliuhisi mkono wake wa kulia mzito. Haukuwa na maumivu wala haukutetemeka. Uligoma tu, kama punda aliyesimama katikati ya njia. Akiuambia nyanyuka, ulifikiri kwanza. Alidhani ameulalia. Alimimina kahawa kwa shida, kisha akaona wazi kwamba akikibeba kikombe kwa mkono ule, kahawa ya moto itaishia mapajani mwa mgeni. Akahamisha. Akakichukua kikombe kwa kushoto, macho na akili yake yote vimo kwenye ukingo wake, akampelekea Bi Mwanapili.

Bi Mwanapili alikitazama kikombe. Akautazama mkono. Akapandisha macho kwenye uso wa mwenyeji wake akitafuta tabasamu, au aibu, au chochote, akaona uso umetulia kama ukuta uliopakwa chokaa. Hakukipokea.

"Labda kahawa si yangu," alisema. "Tupeane pete kwanza."

Akakitoa kisanduku kwa mikono miwili. Mkono wa kulia wa Bi Badriya ulibaki juu ya goti. Wa kushoto ndio ulioinuka kupokea.

Bi Mwanapili alikirudisha kisanduku kwenye hariri yake, akaifunga hariri fundo, na fundo juu ya fundo.

"Bibi yangu alikuwa akichuma karafuu katika mashamba ya watu kama nyinyi," alisema, na kicheko chake cha Mwanakwerekwe hakikuwemo hata kidogo. "Akipewa chai katika kibati cha peke yake, kwa mkono huo huo, na kwa uso huo huo. Yeye alikuwa hana pa kwenda. Mimi nna pa kwenda. Nyanyukeni, tuondokeni."

Walipokwisha kushuka ngazi, Asila alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, umempa kushoto."

"Nimempa kahawa."

"Kwa mkono wa kushoto, mama. Wewe."

"Wa kulia umelala."

"Umelala vipi, na wewe u macho?"

Bi Badriya alitaka kumjibu kwamba na yeye anajiuliza hilo hilo, lakini sauti ilitoka ndogo, na Asila alikuwa kesha kuingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Baada ya siku chache alikuja Bwana Shaame, kaka yake Bi Mwanapili. Alikuwa nahodha mstaafu wa meli ya abiria iliyokuwa ikienda Pemba, mtu wa maneno machache na miwani kubwa. Alikaa, akakubali chai, akasema alilotumwa.

"Dada yangu hataki makubwa. Njoo Michenzani, mbele ya wanawake wale wale, useme radhi kwa dharau uliyomfanyia. Siku hiyo hiyo pete inarudi."

"Angetaka radhi ya kikombe, Bwana Shaame, ningempa na sahani yake. Anataka radhi ya dharau. Sikumdharau. Nikiomba radhi ya dharau nitakuwa nimeikiri."

"Sasa mkono ulikuwa na nini?"

"Sijui."

Bwana Shaame alivua miwani akaifuta. "Hilo 'sijui', mwanamke wewe, halipandi ngazi za Michenzani."

Na kweli halikupanda. Lilibaki chini, na mji ukalichukua. Watu wakaanza kukumbuka mambo. Bi Badriya hatabasamu siku hizi, umeona? Unampa salamu barazani anapita kama hakusikia. Anatembea mkono mmoja ameubana ubavuni, kama aliyebeba kitu asichotaka kigusane na watu. Kiburi cha watu wale hakiishi, walisema. Kilikuwa kimelala tu. Ukweli ni kwamba alizijibu salamu zote. Alizijibu kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliisikia kubwa, na hewa ya kichochoro iliimeza kabla haijafika barazani. Alitabasamu pia. Moyoni alihisi anatabasamu, na uso haukupata habari.

Mama wa mwanafunzi wake mmoja akamtoa binti yake, na mwengine, na mwengine. Bi Badriya aliona ukumbi wake unabaki na mikeka mitupu, akazidi kunyamaza. Asila alimkanda mkono kwa mafuta ya karafuu na hakumsemesha. Mudrik alikwenda Kiwengwa kutia umeme katika mahoteli mapya, na kila alipotajiwa msichana mwengine alisema ana kazi nyingi.

Mwaka wa tisini na tisa, mtoto wa Khalil alijifungua. Khalil ni mdogo wake Bi Badriya aliyeishi London tangu ujana, na alikuwa akifanya kazi katika hospitali moja kubwa huko, chumba cha picha, akiwapokea wagonjwa na kuwalaza kwenye mashine. Alimtaka dada yake aje kuwasaidia na mzazi. Bi Badriya akaenda, na kwa kweli alifurahi kuukimbia mji.

Siku ya tatu walikuwa wakitoka dukani. Khalil alibaki nyuma kufunga viatu, alipoinua kichwa akamtazama dada yake akienda mbele yake.

"Dada, simama. Mkono wako wa kulia hauendi."

"Wataka uende wapi? Si uko na mimi."

"Sifanyi mzaha. Wa kushoto unapiga, mbele nyuma, mbele nyuma. Wa kulia umening'inia. Nnawaona watu kama hivyo kila wiki."

"Wana kiburi na wao?"

Khalil hakucheka. Kesho yake alizungumza na daktari wa maradhi ya ubongo, mwanamama wa makamo aliyekuwa akifanya utafiti pale, na wiki ile ile Bi Badriya akakaa mbele yake. Alitakiwa agonge kidole gumba na cha shahada, haraka haraka. Kushoto viligonga kama mvua. Kulia viligonga mara mbili tatu, vikasita, vikachoka. Alitakiwa aandike jina la baba yake mara kadhaa, na kila alipoliandika lilizidi kuwa dogo, hata la mwisho likawa kama sisimizi wamepita. Daktari alimtazama uso muda mrefu, kisha akamuuliza kitu, Khalil akatafsiri.

"Anauliza, je, watu wanakwambia kwamba umekasirika na hali hukukasirika?"

Bi Badriya alimtazama yule mama wa Kizungu aliyekuwa hamjui, hajui Kiponda, hajui pete wala kahawa. "Muulize amepata wapi habari zangu," alisema.

Ugonjwa unaitwa Parkinson, daktari alieleza. Wengi huujua kwa kutetemeka, ila kuna ambao hawatetemeki; viungo vyao huwa vizito, uso hukaza, sauti hufifia. Chini katikati ya ubongo mna vituo viwili, kimoja kila upande, vinavyofanya kazi kwa dopamini, kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe ili viungo vitii amri. Seli zinazoileta zikifa, amri hutolewa na mguu au mkono ukachelewa kuitika. Kisha akauliza kama Bi Badriya angekubali kupigwa picha ya ubongo. Utafiti wao ulikuwa huo: kumpiga mgonjwa picha leo, na tena baada ya miaka miwili, ili ujulikane ugonjwa una mwendo gani, maana kwa kutazama mara moja hakuna awezaye kuujua.

Alikubali. Alitiwa sindano yenye mionzi kidogo, akangoja saa kadhaa ili dawa iende kujibandika pale tu ambapo seli za dopamini zingali hai. Khalil mwenyewe ndiye aliyemlaza, akamtia mto mdogo chini ya shingo, akamwambia asitikisike. Kamera ilimzunguka kichwa kimya kimya. Bi Badriya alisoma Yasini moyoni, akafika mwisho, akaanza tena.

Picha ilipotoka, daktari aliweka kwanza ya mtu mzima wa afya. Katikati ya giza ziliwaka korosho mbili, nono, zimetazamana, kila moja na mkia wake. Kisha akaweka ya Bi Badriya. Ya kulia ilikuwa korosho iliyokatika mkia. Ya kushoto haikuwa korosho tena. Ilikuwa punje, duara, kama kunde.

"Upande wa kushoto wa ubongo," Khalil alitafsiri, na sauti yake ilikuwa si ya kazini tena, "ndio unaouongoza mkono wa kulia."

Bi Badriya akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa pumzi tu na mabega, uso haukushiriki, lakini kilimtikisa hata ikabidi ashike meza. Daktari alishtuka. Wagonjwa wake, wakioneshwa picha kama ile, huwa wanalia.

"Mwambie," Bi Badriya alisema, "mwambie mji mzima unanambia nna kiburi. Mwambie kiburi changu nimekiona, ni kunde."

Alirudi Unguja na vidonge na ile picha. Vidonge havikuuzuia ugonjwa, daktari alimwambia hilo bila kumpaka mafuta, lakini viliuamsha mkono, na sauti ikapata nguvu kidogo. Asila aliitazama picha dirishani, akaitazama tena, akaketi chini sakafuni, akauchukua mkono wa kulia wa mama yake na kuuweka shavuni. Asubuhi yake akaitia picha mkobani akaenda Mwanakwerekwe.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Bi Mwanapili alimsikiliza hadi mwisho, akaitazama picha, akamrudishia kwa mkono wa kulia. "Mungu ampe shifaa mama yako. Nasema kwa moyo mmoja. Lakini hebu nambie. Picha hii ya lini?"

"Ya mwezi uliopita."

"Na kikombe ni cha lini?"

Asila akairudisha picha mkobani.

"Basi. Leo mgonjwa, naamini. Siku ile alikuwa mzima, amenipikia kahawa kwa mikono yake, nimemwona. Maradhi hayana mguu wa nyuma, mwanangu."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kanga akadakia kwamba huenda Mungu amemlipa. Bi Mwanapili akamgeukia. "Wewe nunua kanga," alisema. "Mungu hakukuajiri."

Asila alirudi Kiponda amevunjika moyo. Alimkuta mama yake jikoni akijifunza upya kukuna nazi, polepole, kwa mkono wa kulia.

"Mama, sema tu. Neno moja, umri wangu unakwenda. Radhi, yakaisha."

"Kwa lipi?"

"Kwa lolote. Kwa mimi."

Bi Badriya aliuweka mkono juu ya mbuzi ya nazi. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu Asila alikuwa na haki, na Mwanapili naye alikuwa na haki. Kidonda cha bibi yake mchuma karafuu kilikuwa cha kweli. Bi Badriya aliwakumbuka watu wake mwenyewe, na alikumbuka vibati. Ndiyo maana hasa hakuweza. Akisema radhi, Mwanapili atakwenda kaburini akijua kwamba mwaka wa tisini na saba, mbele ya dada zake, amefanyiwa tena yale yale. Na Asila ataolewa katika nyumba inayoamini hivyo, azae watoto watakaoambiwa bibi yao alikuwa nani.

"Nikisema," alisema, "nitakuwa nakuoza kwa uongo. Nivumilie. Nitakwenda tena kule."

"Kufanya nini?"

"Mwanapili kauliza swali zuri. Nnakwenda kulitafutia jibu."

Mwaka wa elfu mbili na moja alikwenda kwa picha ya pili. Mambo yalikuwa yale yale, sindano, kungoja, kamera, Yasini. Lakini kabla hajaingia, daktari alimwona midomo inakwenda, akamuuliza kwa kupitia Khalil anaomba nini. Wengi, alisema, huomba picha ya pili iwe sawa na ya kwanza.

"Mimi naomba kujua ilianza lini," Bi Badriya alijibu.

Daktari alimtazama Khalil ahakikishe ametafsiri sawa.

Matokeo yalipokuwa tayari aliziweka picha mbili pamoja. Kwa jicho la Bi Badriya kunde ya kushoto ilikuwa ile ile, imefifia kidogo tu. Lakini mashine ilihesabu kile ambacho jicho haliwezi, na daktari akachukua karatasi na rula. Akatia nukta moja kwa mwaka wa tisini na tisa, na nyengine, chini yake kidogo, kwa mwaka ule. Akaziunganisha. Mstari ulikuwa karibu kulala.

"Anasema ugonjwa wako unakwenda taratibu kuliko wa wengi waliowapiga picha," Khalil alisema, na hapo akakosa kujizuia, akamshika dada yake bega. "Anasema una miaka mingi mizuri mbele, inshallah. Hiyo inshallah ni yangu."

"Na nyuma?"

Daktari alielewa bila tafsiri. Akaipeleka rula upande wa kushoto wa karatasi, akaurefusha mstari kurudi nyuma, ukapanda kidogo kidogo, ukapita mwaka wa tisini na nane, ukapita tisini na saba, tisini na sita, ukaendelea kupanda mpaka miaka ya mwanzo ya tisini ndipo ulipoufikia usawa wa mtu mzima. Akainua kidole. Haya ni makadirio, alisema, wala hayana usahihi wa kalenda. Mstari unaweza kuteleza miaka kadhaa huku au huku. Lakini uteleze utakavyoteleza, mwaka wa tisini na saba upande ule ulikuwa ushakuwa mgonjwa.

Bi Badriya alimwomba amkopeshe rula.

Ngazi za Michenzani hazimhurumii mtu. Asila alikuwa nyuma yake, amekatazwa kumshika. Bi Badriya alipanda kulia kwanza, kisha kushoto, akihesabu moyoni kwa mdundo, maana daktari alimfundisha kwamba mguu unaogoma kwa amri huenda ukatii kwa ngoma. Alipofika ghorofa ya Bi Mwanapili alipiga hodi mwenyewe, kwa sauti, na sauti ikafika.

Aliomba kwa Bwana Shaame wawepo wanawake wale wale, na walikuwepo, wamejipanga makochini, wengine wakidhani wamekuja kuisikia radhi. Bwana Shaame alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Bi Mwanapili alimkaribisha kwa adabu zote na uso wa kungoja.

Bi Badriya hakukaa. Alitoa picha mbili akazibandika kwenye kioo cha dirisha, jua la alasiri likazipenya.

"Huu ndio ubongo wangu," alisema. "Sina cha kuficha zaidi ya hiki."

Mmoja wa mawifi akajifunika mdomo. Bi Mwanapili alisogea. Miaka thelathini ya kuuza kanga ilimpa jicho la rangi, akaziangalia picha kama anayeangalia mzigo ulioletwa bandarini.

"Punje hii ya kushoto imechuja," alisema.

"Imechuja."

"Na picha hii ya lini?"

"Tisini na tisa. Na ile ya mwaka huu."

"Mbona hazipishani? Imechuja kule, imechuja huku. Baina yake tofauti ndogo."

"Hilo ndilo lililonipandisha ngazi zako."

Akaweka karatasi mezani, na rula, akaeleza kama alivyoelezwa: nukta mbili, mstari, na kurudi nyuma. Mawifi walitazamana. Mmoja alisema mambo ya rula yalimshinda tangu darasa la tano. Lakini Bwana Shaame alikuwa kesha kuinuka, ameivaa miwani, ameishika karatasi karibu na pua. Hakuna mtu aliyehitaji kumfundisha nukta mbili ni nini. Ameishi nazo juu ya ramani ya bahari maisha yake yote ya kazi.

"Mwanapili," alisema, "hapa chombo kilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Hapa ndipo kilipo leo. Umbali wa baina yake unakwambia mwendo."

"Naona. Mwendo mdogo."

"Mdogo sana. Na kutoka bandarini mpaka hapa, nukta ya kwanza, ni umbali gani?"

Bi Mwanapili alitazama. Kidole chake kilitoka kwenye nukta kikarudi juu, nyuma, nyuma, na kikapita mwaka wa tisini na saba bila kusimama.

"Chombo cha mwendo mdogo kilichofika mbali," Bwana Shaame alisema, "kimeng'oa nanga zamani."

Chini uwanjani watoto walikuwa wakigombania mpira. Bi Mwanapili bado alikuwa na kidole kwenye karatasi.

"Uso nao?" aliuliza, pole pole. "Mimi mkono ningeusamehe. Uso ndio ulionitoa ndani ya nyumba yako."

"Uso nao. Nilikuwa nnakuchekea, mwanamke. Ndani nilikuwa nnakuchekea."

Bi Mwanapili akakaa. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, hakuona haya. "Bibi yangu akiitwa Mwatum," alisema. "Mpaka anakufa hakunywa chai mbele ya watu."

"Kibati kile huenda kilitolewa na bibi yangu mimi. Hilo silikatai, na wala sitalipamba," Bi Badriya alisema. "Lakini mkono wa siku ile haukuwa wake. Ulikuwa wangu, na ulikuwa mgonjwa."

Bi Mwanapili aliingia chumbani. Zilisikika kabati zikifunguliwa, na sanduku likiburutwa. Alirudi na ile hariri, fundo juu ya fundo, na ikabidi aombe msaada wa meno kuyafungua. Akakitoa kisanduku.

Bi Badriya alinyoosha mkono wa kulia. Ulikwenda taratibu. Wanawake wote waliutazama ukisafiri hewani, na wapo walioshika pumzi, na Asila kule mlangoni alikuwa ameuma kanga yake. Mkono ulifika. Vidole vilifikiri kidogo, kisha vikafunga, kimoja kimoja, na kisanduku kikawa mkononi mwa mwenyewe. Wifi mmoja akapiga kigelegele, na cha pili kikampokea, na watoto kule uwanjani wakauacha mpira wakatazama juu.

"Mudrik aitwe kutoka Kiwengwa," alisema Bwana Shaame. "Mahoteli yatakaa gizani siku mbili."

Walicheka, wakanywa kahawa, wakataja mwezi wa harusi, na Bi Badriya akaulizwa kama atawafundisha watoto wa Michenzani kubeba sinia, akasema akiletewa atawafundisha. Na vikombe vilipokuwa vikikusanywa, Bi Mwanapili, ambaye kicheko chake kilikuwa kimerudi mahali pake, akamgusa goti.

"Harusi ipo, hilo halina neno tena. Lakini nawe nistiri. Hawa wote nliwaambia utakuja hapa kuniomba radhi. Miaka minne nasema. Niambie kijineno kimoja tu, hata kwa mzaha, niwe nami nimepata changu."

Wanawake waliitikia kwa vicheko. Mpe, Bi Badriya, walisema. Neno halina uzito. Si mshakuwa ndugu. Asila alimtazama mama yake, na safari hii hakumwomba kitu.

Bi Badriya alikibana kisanduku kifuani. Alimpenda mwanamke yule, na alijua atampenda zaidi. Alivuta pumzi kama alivyofundishwa, kutoka tumboni, ili asikike na aliyekaa mbali kuliko wote.

"Kikohozi kikikushika nitakuja kukukanda," alisema. "Mwanangu nakupa. Wajukuu nitakulelea. Lakini sikukosa, Bi Mwanapili. Siombi radhi."